Maziwa Bado Hayajashuka: Kunyonyesha Ndani ya Arobaini, Lamu

Siku ya pili baada ya kujifungua mtoto analia, ziwa ukiliminya hutoka tone zito la manjano tu, na chumbani wamejaa wakwe, mashangazi na majirani. Mmoja atasema, “Maskini, hana maziwa,” na mwingine atamtuma kijana dukani alete maziwa ya kopo. Unyonyeshaji mwingi huharibikia hapo, kwenye chupa ya siku ya pili, kabla ugonjwa wowote haujaingia. Basi na tuanzie hapo.

Lile tone la manjano ni dang'a, na ndiyo maziwa ya mtoto kwa siku hizo. Tumbo la mtoto wa siku moja hupokea mililita 5 hadi 7 kwa mara, yaani kijiko cha chai kimoja na kidogo juu yake. Dang'a ni chache kwa kuwa tumbo lenyewe ni dogo. Ina kinga nyingi dhidi ya maradhi, na humsaidia mtoto kutoa kile choo cheusi cha kwanza, jambo linalopunguza umanjano wa ngozi na macho. Kuna nyumba ambazo bado huikamua na kuimwaga kwa kuiona chafu. Isimwagwe hata tone. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa mzazi wa kwanza, aliyepasuliwa, mwenye kisukari au aliyepoteza damu nyingi, huweza kuchelewa siku moja au mbili zaidi.

Chupa ya siku ya pili huleta tabu hivi. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma nje. Ziwa linalonyonywa huamrishwa kutengeneza zaidi. Linaloachwa limejaa hujizuia lenyewe. Mtoto akipewa mililita 60 za maziwa ya kopo, atalala masaa 4 na ziwa halitapata amri. Siku ya tatu maziwa ni kidogo kuliko inavyopaswa, anaongezwa chupa nyingine, na baada ya wiki mbili ile kauli ya “hana maziwa” imekuwa kweli.

Kwa hivyo jitahidi mtoto ashike ziwa ndani ya saa 1 tangu azaliwe. Awekwe kifuani mwako bila nguo, ngozi kwa ngozi, afunikwe leso juu. Kuadhiniwa kunaweza kufanyika akiwa hapo hapo kifuani. Tahniki nayo haigombani na ziwa, ila ifanywe kwa usafi: tende iliyooshwa, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, aifanye mtu asiye na kikohozi wala vidonda vya mdomo, na iwe ni kupaka tu kwenye kaakaa, si kulisha. Asali usitumie kabisa. Yaweza kubeba mbegu za vijidudu vya botulizimu, ambavyo hulegeza misuli ya mtoto hadi ashindwe kupumua, na mtoto hapewi asali mpaka atimize mwaka 1.

Namna ya kumshikisha ziwa

Hapa usiharakishe, maana maumivu mengi ya chuchu na maziwa mengi “yasiyotosha” hutokana na mtoto kushika ncha ya chuchu peke yake.

Kaa umeegemea ukuta au mito, miguu ikanyage chini au kwenye kigoda, usining'inie kwenye ukingo wa kitanda kirefu. Mlete mtoto kwenye ziwa. Usiinamishe ziwa kwa mtoto, utaumwa mgongo na shingo na yeye atateleza. Tumbo lake liguse tumbo lako, na sikio, bega na nyonga yake viwe mstari mmoja, asigeuze shingo kama anayetazama nyuma. Kiganja chako kishike mabega na chini ya shingo, si kisogo. Ukimsukuma kisogo atakitupa kichwa nyuma, na watu watasema mtoto analikataa ziwa.

Pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja. Usimtie mdomo ukiwa nusu wazi, hata akilia. Akipanua vizuri mlete kwa haraka, kidevu kikitangulia, chuchu ikielekea juu kwenye kaakaa. Akishika sawa, kidevu huzama kwenye ziwa, mdomo wa chini hupinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu huwa yamejaa. Baada ya kunyonya mara moja au mbili utamsikia akimeza. Ukisikia sauti ya kubusu, au mashavu yakibonyea ndani, hajashika.

Uchungu wa sekunde chache mwanzoni katika wiki ya kwanza si ajabu. Ukiendelea zaidi ya nusu dakika, ingiza kidole chako kidogo safi pembeni mwa mdomo wake, aachie, uanze upya. Usimvute tu, utachanika. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa upande mmoja au ina mstari mweupe, ilikuwa inabanwa kwenye ufizi.

Aliyepasuliwa hawezi kumlaza mtoto juu ya mshono. Ampakate kwapani, miguu ya mtoto ikielekea mgongoni kwa mama, mto ukiwa chini yake. Au alale ubavu, mtoto naye ubavu, wakitazamana. Mlalo huu wa pili ndio unaookoa usiku.

Kama chuchu imelala au imeingia ndani, jaribu kwanza kumshikisha kawaida, maana mtoto hunyonya ziwa, hanyonyi chuchu peke yake. Ikishindikana, chukua bomba la sindano jipya la mililita 20, lisilo na sindano. Kata ile ncha ya mbele kwa wembe, kisha toa kisukumio ukiingize kupitia upande uliokatwa, ili ule upande laini ndio uguse ngozi. Liweke juu ya chuchu, vuta polepole bila kuumia, shikilia nusu dakika hadi dakika 1, achia, kisha mshikishe mtoto papo hapo. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha, mara kadhaa kwa siku.

Anyonye mara ngapi? Mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mwachie amalize ziwa la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili; safari inayofuata anza na lile alilomalizia. Katika wiki mbili za mwanzo, akilala zaidi ya masaa 3 mwamshe: mvue nguo, mbadilishe winda, msugue nyayo. Jioni, hasa baina ya Magharibi na Isha na kuendelea, watoto wengi hunyonya mfululizo, wanaachia na kudai tena. Hali hiyo hurudi kwa siku mbili tatu karibu na wiki ya 3, wiki ya 6 na mwezi wa 3. Mtoto anakua, na anaagizia maziwa ya kesho. Mwache anyonye, na mwambie mtu akuletee chakula hapo ulipo.

Utajuaje kama anashiba

Usipime kwa kilio, wala kwa ulaini wa ziwa, wala kwa kiasi unachokamua. Ziwa kuwa laini baada ya wiki kadhaa maana yake limezoea kipimo cha mtoto. Hesabu mawinda. Siku ya 1 mkojo mara moja, siku ya 2 mara mbili, na hivyo hivyo mpaka siku ya 5, na kuanzia hapo mara 6 au zaidi kila siku, mkojo mweupe usio na harufu kali. Choo huanza cheusi, hugeuka kijani siku ya 3, na kufika siku ya 5 kiwe cha manjano, laini, chenye punjepunje, mara 3 au zaidi. Baada ya wiki 6 baadhi hukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka laini si tatizo.

Mtoto hupungua uzito siku za mwanzo, hadi asilimia 7 hata 10, na huurudisha kwenye siku ya 10 hadi 14. Baada ya hapo huongeza takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Ule mstari kwenye kitabu cha kliniki una ushahidi mkubwa kuliko maneno ya chumba kizima. Ukipanda, maziwa yanatosha.

Wapo kweli ambao maziwa yao huwa machache. Sababu ni kama kipande cha kondo kilichobaki tumboni, damu nyingi iliyotoka wakati wa kuzaa, ugonjwa wa tezi ya shingo, upasuaji wa ziwa, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Mama huyu anahitaji kuonwa na daktari, si kulaumiwa. Ikibidi kumwongezea mtoto, aongezwe kwa kipimo cha daktari huku akiendelea kuwekwa kwenye ziwa. Tone lolote analolipata kwako bado lina faida.

Maji, kaskazi na maji ya tumbo

Kaskazi ikiingia, kati ya Disemba na Machi, utaambiwa mtoto ana kiu. Maziwa ya mama ni maji kwa kiasi cha asilimia 88, na yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya ndiyo mepesi zaidi. Joto likizidi mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kiu yake imeisha hapo. Mpaka miezi 6 hahitaji hata kijiko cha maji, yawe ya kisima, ya jabia au ya chupa. Maji humjaza tumbo bila lishe, na yakiwa na vijidudu huleta kuhara. Anayehitaji maji ni wewe. Weka gilasi karibu kila unapoketi kunyonyesha.

Maji ya tumbo ya dukani, habasoda iliyochemshwa na maji ya mizizi ya chango viingie kwenye orodha hiyo hiyo ya visivyopewa. Mtoto anayejinyonganyonga jioni mbebe wima begani, mpapase mgongo, mkandekande tumbo kwa mzunguko wa saa, na angalia kama anameza hewa kwa kushika ziwa vibaya. Wazee wakitaka kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, linywe wewe mama. Hakuna haja ya ugomvi na bibi kwa jambo hili. Mweleze mapema, kabla hujajifungua, na mumeo awe upande wako.

Ziwa likiuma

Chuchu zilizopasuka hutibiwa kwa kurekebisha namna ya kushika, si kwa kupaka vitu. Baada ya kunyonyesha kamua matone machache, yapake juu, uyaache yakauke kwa hewa. Usioshe chuchu kwa sabuni, inakausha mafuta yake. Anza na upande usiouma sana. Chuchu ikiwa nyekundu inayong'aa na inayowaka hata baada ya kunyonyesha, na mtoto ana utandu mweupe mdomoni usiofutika, huenda ni fangasi. Mnahitaji dawa wote wawili kwa pamoja, la sivyo mtaambukizana tena.

Maziwa yanaposhuka kwa wingi, ziwa huwa gumu, linang'aa, na mtoto hawezi kulishika. Kamua kidogo tu kwa mkono mpaka pale pembeni ya chuchu palainike, kisha mnyonyeshe. Kitambaa cha maji vuguvugu kwa dakika chache kabla ya kunyonyesha husaidia maziwa kutiririka. Baada yake weka kitambaa cha maji baridi kupunguza uvimbe. Na hapa tuseme wazi kuhusu kukandwa. Maji ya moto ya mkunga kwa mgongo, kiuno na mabega ni raha na mapumziko, yaendelee. Ziwa lisikandwe kwa nguvu wala kusuguliwa ili “kuvunja mawe”. Ndani ya ziwa lililovimba mna mirija laini na mishipa ya damu, na kulikanda kwa nguvu huzidisha uvimbe na huweza kulijeruhi.

Ukiona sehemu ya ziwa imekuwa nyekundu, ya moto, inauma, na mwili mzima una homa na baridi kali, hilo ni ziwa kuvimba kwa ndani. Endelea kunyonyesha, upande huo pia. Maziwa hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla huongeza hatari ya jipu. Pumzika, weka baridi, meza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya masaa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa siku. Usipopata nafuu ndani ya masaa 24, au hali ikizidi mapema zaidi, nenda hospitali ukapewe antibiotiki inayofaa kwa anayenyonyesha, na umalize dozi.

Chakula, Ramadhani na mume

Uji wa pilipili manga, supu ya pweza na mchuzi wenye tangawizi ni vizuri kwa kuwa ni chakula cha moto, chenye maji na nguvu, na kwa kuwa kuna mtu aliyekupikia. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya. Kula mlo mmoja zaidi ya kawaida yako: wali na kunde, mchicha, maembe, mayai, samaki. Changu, tafi, mkizi na dagaa ni salama na ni bora. Papa, nduwaro na samaki wengine wakubwa wawindaji punguza sana, maana hukusanya zebaki mwilini, na zebaki hupita kwenye maziwa. Uwatu kidogo kwenye chakula hauna neno. Kuunywa kwa wingi kama dawa huweza kuvuruga tumbo la mtoto na kushusha sukari ya mwenye kisukari. Miraa na muguka viache, kemikali zake humfikia mtoto.

Ramadhani ikikukuta ndani ya nifasi, yaani damu ya uzazi haijakatika, hufungi. Ikikukuta baadaye na unahofia afya yako au ya mtoto, sheria imekupa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Kuhusu fidia muulize shekhe wako. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hana chakula kingine, kwa hivyo usione haya kuitumia ruhusa hiyo. Ukifunga na mawinda yakapungua, au ukapata kizunguzungu na mkojo mzito, fungua.

Kubemenda, na kule upande wa Malindi chirwa, bado kunawatia hofu wanandoa: kwamba kukutana na mume huchafua maziwa na kumdhoofisha mtoto. Maziwa hayabadiliki kwa hilo. Mtume (S.A.W.) alikusudia kukataza ghila, yaani mume kukutana na mke anayenyonyesha, kisha akaona Warumi na Waajemi wanaifanya na watoto wao hawadhuriki, hadithi hiyo imepokewa na Muslim. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ziwa ghafla kwa kuwa mama amebeba mimba nyingine, chakula duni na maradhi. Mtoto aliyekonda apelekwe kliniki, asifichwe kwa aibu ya wazazi. Na kuhusu mimba, kunyonyesha kunakinga kwa asilimia 98 hivi, ikiwa tu mambo matatu yapo pamoja: hujaona hedhi, mtoto hajafika miezi 6, na hapewi kitu kingine chochote mchana wala usiku. Likikosekana moja, tafuta njia nyingine isiyo na estrojeni.

Mama mwenye virusi vya Ukimwi naye ananyonyesha, maadamu anameza dawa zake kila siku na mtoto anapewa dawa yake ya kinga. Kwake hasa, kuchanganya ziwa na vyakula vingine kabla ya miezi 6 ndiko kubaya.

Kukamua na kurudi kazini

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamua. Uliza kabla ya likizo kwisha, na anza kujizoeza kukamua wiki mbili kabla.

Nawa mikono. Chemsha kikombe chenye mdomo mpana. Weka kidole gumba juu ya ziwa na cha shahada chini, sentimita 4 hivi kutoka chuchu. Bonyeza kwa ndani kuelekea kifuani, kisha bana, achia, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Mwanzo hakitoki kitu, subiri. Maziwa yakipungua zungusha vidole sehemu nyingine. Dakika 3 hadi 5 upande mmoja, hamia wa pili, kisha rudia, jumla dakika 20 hadi 30.

Katika joto lisilozidi digrii 25 maziwa hukaa masaa 4. Nyumba zetu wakati wa kaskazi hupita 30, basi yasikae nje zaidi ya masaa 2. Kwenye friji hukaa siku 4, ndani kabisa, si mlangoni ambako joto hupanda kila mlango ukifunguliwa. Ukikosa friji, tumia kibaridi chenye barafu. Kuyapasha, simamisha kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, usiyachemshe. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo cha kahawa, ameketishwa wima, ukingo uguse mdomo wa chini, aramberambe mwenyewe. Usimmiminie. Chupa ni ngumu kusafisha, na humzoesha mnyonyo tofauti na wa ziwa.

Wakati wa kuondoka mara moja

Mtoto aliye chini ya miezi 2 akikataa ziwa kabisa, akilegea haamki, akipata degedege, akipumua kwa shida, akiwa na joto la 37.5 au zaidi au akipoa chini ya 35.5, akiwa na umanjano siku ya kwanza au uliofika viganjani na nyayoni, au, baada ya siku ya kwanza, akipitisha masaa 12 bila mkojo, asingojwe apambazukiwe. Kwa mama, homa isiyotokana na ziwa, damu inayolowesha pedi ndani ya saa 1, au maumivu makali ya kichwa na macho kuona giza, ni vivyo hivyo. Na kilio cha mama cha siku za mwanzo ni kawaida. Kikipita wiki mbili, au akawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, apelekwe kuonwa siku hiyo hiyo.

Aliye Faza ana hospitali pale pale. Walio Kizingitini na Siyu waelekee huko. Wa Shela na Matondoni waje hospitali ya King Fahd mjini. Mpango wa mashua na namba ya nahodha viwe tayari kabla ya kujifungua. Safarini mtoto akae ngozi kwa ngozi ndani ya leso, kichwa kimefunikwa dhidi ya upepo, na kama bado anaweza kumeza aendelee kupewa ziwa njiani. Chukua kitabu cha kliniki na dawa zote alizopewa, pamoja na za kienyeji, na uzitaje.